Fundi Aliyesikiliza Spika Tupu

Watu wa mtaa wetu wa Chang'ombe nawakumbuka wote kwa majina. Nyumba ya kona alikaa Mzee Mbaruku Kilindo, balozi wetu wa nyumba kumi, na wake zake, Bi Zuhura na Bi Tausi. Inayofuata alikaa Mwalimu Perpetua, aliyetusomesha kisomo cha watu wazima jioni, akanishika mkono mpaka nikaweza kuandika. Ng'ambo ya mfereji, Mzee Likwata mchonga vinyago na mkewe Anjelina, na watoto wao ambao nikianza kuwataja hapa sitamaliza. Mtu mmoja tu sina jina lake, na huyo ndiye aliyekaa karibu nami kuliko wote. Alipanga chumba cha mbele katika nyumba ya mama yangu, na dirisha lake lilitazama jiko langu.

Tulimwita Fundi. Mzee Mbaruku alipopita kuandika watu wake alimuuliza jina.

"Andika Fundi."

"Fundi nani?"

"Mtaani kwako kuna fundi mwingine wa redio?"

"Hakuna."

"Basi wakinitafuta watanipata."

Mzee Mbaruku akaandika hivyo hivyo, akaondoka anacheka. Mama naye alimpa chumba bila kumuuliza zaidi, kwa kuwa alisema shikamoo vizuri na hakuwa na mwanamke wala kuku.

Huyu mtu alikuwa hakurudishii redio yako mpaka aisikilize kwanza ikiwa haisemi kitu. Ataizungusha mpaka pale pasipo na stesheni, ataweka sikio kwenye spika, atafumba macho. Wewe umesimama mlangoni na kanga yako unangoja. Akiridhika anasema, "Inapumua," ndipo anakukabidhi. Alisema spika iliyo kimya kabisa imekufa. Iliyo hai ina kitu ndani yake, kama mchanga unamiminwa mbali, ukitulia utausikia.

Bi Tausi hakumpenda kwa hilo. "Fundi, mie nimekuletea redio iimbe, si ipumue."

"Isiyopumua itaimba kwa nini, Bi Tausi? Kwa makalio?"

Nyimbo zenyewe hakuzijali. Taarabu ikianza alishusha sauti. Alichokipenda ni mchana ule redio inapopumzika, viwandani wameingia zamu, mtaa mtupu, jua limesimama. Hapo alikaa na redio yake iliyofunguliwa pasipo na kitu, akasikiliza. Siku moja nilimpelekea chai akaninyooshea kidole ningoje. Nikangoja. Chai ikapoa mkononi.

"Unasikiliza nini, Fundi?"

"Waliomo."

"Kina nani?"

"Sauti haziishi, Mama Shabani. Zinakosa pa kuingilia tu."

Aliyasema kama mtu anayekwambia maji ya mfereji yamekatika. Niliweka chai chini, nikatoka, na mchana ule nilikaa jikoni nimempakata Shabani ingawa alikuwa ameshakuwa mkubwa wa kupakatwa.

Nyumba yetu haikuwa na umeme. Chuma chake cha kulehemu kilikuwa kipande cha shaba chenye mpini wa mti, na alikipasha moto kwenye jiko langu la mkaa, pembeni ya karai la maandazi. Mwali ukigeuka kijani alijua kimeiva, alikichomoa na kukimbia nacho chumbani kabla hakijapoa. Ile dawa aliyochovya kabla ya kulehemu ilitoa moshi wenye harufu kali ya utomvu, na moshi ukaingia kwenye unga. Kassimu wa kiwanda cha nguo, mteja wangu wa kila asubuhi, alisema maandazi ya Mama Shabani yananukia ubani, mtu akila anajiona keshaoshwa anangoja kuvikwa sanda. Hata hivyo alikula.

Ndiyo nilivyojifunza. Sikutaka kujifunza, ila mtu akipasha chuma jikoni kwako mwaka mzima lazima utamuuliza anachomelea nini. Alinionyesha kidude kidogo kuliko punje ya hindi, chenye miguu mitatu. Transista. Akasema hiki ndicho kinachochukua sauti dhaifu na kuifanya kubwa.

"Kinaipaje nguvu, na chenyewe ni kidogo hivi?"

"Hakiipi chochote. Nguvu ziko kwenye betri. Hiki ni mlango tu." Akainuka, akaushika mlango wa mama. "Nikiufunga huu, Shabani alipokuwa anatambaa angeuweza?"

"Hawezi."

"Na Mzee Mbaruku?"

"Huyo ataupiga teke."

"Basi ndivyo ilivyo. Mguu huu wa katikati unaitwa besi. Besi ukiinyima umeme, mlango umefungwa. Anayepiga kelele atapiga teke, ataingia, lakini ataingia amechubuka mabega, ndiyo ile sauti ya kukwaruza unayoisikia. Anayenong'ona atafia nje. Kwa hiyo kabla sauti haijafika, besi iwe imeshapewa umeme wake kidogo. Nusu volti na ziada kidogo. Mlango ukae na upenyo, hata kama hakuna anayekuja."

"Si uufungue wote basi, kila mtu apite?"

"Ukizidisha, transista inapata joto. Joto linaufungua mlango zaidi. Ukifunguka zaidi inazidi joto. Haina wa kuizuia. Inajiua yenyewe."

Alikuwa na mita yenye sindano, na alipogusisha waya zake kwenye besi aliitazama sindano ile kama mtu anavyotazama kipimo cha homa ya mtoto wake. Ikikaa pale anapopataka, alishusha mabega.

Sasa mtu kama huyo ungedhani ni mpole. Hakuwa mpole hata kidogo. Aliyetafuta minong'ono kwenye spika aliwafokea watoto wa Mzee Likwata mpaka wakapita njia ya nyuma. Ukimsemesha akiwa anapima alikwambia ufunge bakuli lako. Aliwacheka watu wa mtaani kwa majini yao na hirizi zao, kisha yeye mwenyewe hakufunga mlango wake, usiku wala mchana, aliuwekea jiwe ukabaki wazi kiasi cha kiganja. Mvua ya masika iliingia, mkeka wake ukaloa, hakuliondoa jiwe. Na alikuwa hazimi redio mtu akiwa katikati ya maneno. Hata liwe tangazo la sabuni, angengoja mtu yule amalize sentensi, ndipo anazungusha kifungo taratibu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Wewe ukikatwa kauli utapenda?"

Kuhusu majini, redio ya Bi Zuhura ilitupa kazi. Ilikuwa haisemi ikiwa mezani. Mzee Mbaruku aliishika, kimya. Bi Tausi aliishika, kimya. Bi Zuhura akiipakata kifuani ikaanza kidogo kidogo, kama mtu anayeamka, kisha ikasema. Akiiweka chini ikafifia ikanyamaza. Wanawake wakaja kutazama. Kuna aliyesema ina jini mahaba, limempenda, na Mzee Mbaruku akawa hali vizuri.

Fundi aliifungua akaipima. "Besi ya transista ya kwanza imeshuka," akasema. "Mlango karibu umefungwa. Joto la kifua chako linausukuma kidogo, ndiyo inasema."

"Kwa hiyo mie sina joto?" akauliza Mzee Mbaruku.

"Wewe muulize mkeo mdogo."

Aliitengeneza, ikasema mezani kama redio za watu wote. Bi Zuhura aliichukua, akafika mlangoni, akarudi. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Alisema ilikuwa inamsemesha yeye tu. Fundi akamwangalia kwa muda mrefu, na sijawahi kumwona anamwangalia mtu hivyo, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Nikuharibie tena?"

Bi Zuhura alitikisa kichwa akaenda zake.

Kisha kuna mkutano wa uwanjani. Ilikuwa ni zile siku za mikutano, kila wiki tunaitwa kuelezwa mambo ya ushirika na mashamba ya pamoja, na Fundi aliwatengenezea watu wa tawi la chama kipaza sauti cha kutumia betri ya gari. Mzee Mbaruku alisema, ikasikika mpaka kwenye maghala. Akapanda Hadija Mponda, mwenye sauti kama uzi, kuwasemea akina mama juu ya maji. Ikatoka vipande vipande, neno moja linasikika, mawili yamekufa, vijana wakaanza kumcheka. Fundi akapanda jukwaani bila ruhusa ya mtu, akafungua kisanduku mbele ya viongozi, akachomoa kitu, akaweka kingine, akapima.

"Endelea," akamwambia Hadija.

Kabla Hadija hajafumbua mdomo tulisikia uwanja mzima kitu kinavuta na kushusha, kinavuta na kushusha, taratibu, kikubwa kama mnyama aliyelala chini ya ardhi. Watu wakatazamana. Waliokuwa wamekaa wakasimama. Alikuwa Mwanahawa, mtoto wake Hadija, amelala mgongoni ndani ya mbeleko. Hadija akasema shida ya maji yote bila kukatwa, na chini ya maneno yake yule mtoto akawa anapumua juu ya vichwa vyetu, na hakuna aliyecheka tena.

Nimeyaeleza hayo ili nifike kwa mama yangu.

Mama alimkataza kaka yangu Salumu kumzika. Salumu alikuwa dereva wa lori, na mwaka mmoja, kabla Fundi hajapanga kwetu, walikuwa wanapeleka watu upande wa Rufiji, kwenye vijiji vipya. Baba akafariki. Salumu alipelekewa habari, lakini lori lilikuwa limebeba watu na vitanda vyao na mvua imekata njia, hakutaka kuwaacha porini. Alifika baba ameshazikwa. Mama alimngoja pale mlangoni, mbele ya waliohani wote, mbele ya mdogo wake Bi Mwajuma, akamwambia, "Hukumzika baba yako. Na mimi usije ukanizika. Kaburini kwangu usitie mguu."

Salumu alipiga magoti. Mama akaingia ndani.

Kwa sie watu wa pwani ya kusini hilo si neno la kupita. Mtoto wa kiume ndiye anayeshuka kaburini kumpokea mama yake, na aliyekatazwa akishuka anajua alichokifanya mpaka siku yake mwenyewe. Salumu alikonda. Kila alipotoka safari alileta samaki wa Rufiji, akawaweka ukumbini, mama akala bila kusema wametoka kwa nani. Nilijua anangoja kidogo tu apoe. Mama zetu walikuwa na mambo ya kuchelewa kupoa.

Ukaja uvimbe wa koo. Hospitali wakatwambia tumrudishe nyumbani. Sauti ilianza kukwaruza, ikawa mnong'ono, mwisho ikawa midomo inacheza tu, ukiweka sikio husikii hata hewa. Kusoma na kuandika hakujua. Shingo ilivimba hawezi kuitikia kwa kichwa. Salumu akaacha lori, akakaa ukumbini kwenye mkeka, chumbani haingii mpaka aitwe, na anayeweza kumwita hana sauti.

Nilimwambia Bi Mwajuma, "Mama mdogo, si anapepesa macho? Tumuulize, akipepesa ndiyo amemsamehe."

"Alimkataza kwa mdomo mbele za watu," akasema Bi Mwajuma. "Kupepesa macho si kauli. Nzi akimtua atapepesa vilevile. Mie siku ya kumshusha dada yangu nitaulizwa nilisikia nini, na lazima asikie na mtu asiye wa tumbo letu."

Alikuwa mkali lakini alikuwa na haki. Ndipo nikaenda chumba cha mbele.

Fundi alinisikiliza mpaka mwisho bila kuniambia nifunge bakuli. Akauliza, "Midomo inacheza?"

"Inacheza."

"Basi kuna kitu kinatoka. Kidogo, lakini kinatoka."

Alifanya kazi kwa siku kadhaa, na jiko langu halikuzimika. Alichukua spika ndogo akaigeuza kazi, badala ya kusema isikie. Alisema spika na sikio ni kitu kimoja, inategemea umesimama upande gani. Kisanduku chenyewe kilikuwa cha mbao za mvule alizopewa na Mzee Likwata. Aliweka transista na kuitoa, akaweka nyingine. Niliona sindano ikipita pale ilipozoea kusimama.

"Umezidisha," nikamwambia. Nilikuwa nimeshajua.

"Nimezidisha makusudi. Mama yako hana hata nguvu ya kusukuma upenyo. Itapata joto, itaishi muda mfupi tu. Ikifa imekufa."

Tulifanya saa tisa alasiri, mtaa ukiwa umetulia. Kisanduku hakikuweza kukaa chumbani pamoja na mama. Spika ya kisanduku ikikaribia ile ndogo inaanza kupiga yowe, sauti inajisikia yenyewe, inazunguka. Akakiweka ukumbini, waya ukapita chini ya mlango. Chumbani alikuwa Bi Mwajuma, ameishika ile spika ndogo mdomoni kwa mama. Ukumbini, Salumu kwenye mkeka na Fundi mbele ya kisanduku. Mie nilitumwa jikoni nipepee mkaa, chuma kiwe tayari pakitokea waya kuachia.

Kwa hiyo sikusikia. Niliyoyajua niliambiwa. Nilisikia yowe la spika mara moja, kali, likakatika. Kisha kimya. Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu tukiwa watoto, Salumu analia kwa sauti.

Nilipofika na chuma mkononi, Salumu alikuwa kifudifudi kwenye sakafu. Bi Mwajuma alikuwa amefungua mlango, yuko kizingitini. "Midomo imecheza," akasema. "Nimeiona. Huku ndani sikupata maneno. Salumu, umesikia nini?"

"Kaniruhusu," akasema Salumu. "Mama kaniruhusu."

"Kasemaje?"

"Alichoniambia ni changu, mama mdogo. Usiniulize."

Bi Mwajuma akamgeukia Fundi. Nakumbuka uso wa Fundi. Ulikuwa wa rangi ya majivu, na jasho limemjaa shingoni kama aliyetoka kuchimba. Mikono yote miwili ilikuwa nyuma ya kisanduku.

"Wewe si wa tumbo letu," Bi Mwajuma akamwambia. "Kauli imetoka?"

"Imetoka," akasema. "Imetoka humu. Nimeisikia."

"Ya kumruhusu?"

"Ya kumruhusu."

Bi Mwajuma akamwambia Salumu, "Ingia umshike mkono mama yako." Akaingia. Kisanduku kikaanza kunuka, moshi mwembamba ukatoka, na Fundi hakujaribu kukiokoa.

Mama alifariki kesho yake alfajiri. Salumu alishuka kaburini akampokea. Bi Mwajuma alijibu kila aliyemuuliza, na alipofuata yeye mwenyewe baada ya miaka, ni Salumu aliyempokea vilevile.

Baada ya pale Fundi hakutengeneza tena vipaza. Watu wa tawi walimfuata, akasema vifaa hakuna, na kweli siku zile vitu vingi havikuwapo dukani, wakamwamini. Redio alitengeneza, lakini alizirudisha bila kuzisikiliza zikiwa tupu. Bi Tausi alimtania, "Leo haipumui, Fundi?" Akamwambia, "Ipumue isipumue, chukua." Asubuhi moja niliona mlango wake umefungwa. Nilidhani ameondoka. Alikuwamo. Jiwe alikuwa amelitoa nje uani, akalisukuma ukutani.

Mwaka haukuisha akahamia Kinondoni. Alikuja kumuaga Salumu kwanza, akanikuta jikoni akasema jiko langu lilikuwa zuri. Ndiyo kuaga kwake. Nilisikia ana kibanda karibu na soko, nikasikia ameoa, nikasikia mke ameondoka kwa sababu mume hataki redio ndani ya nyumba. Hilo lilinichekesha nisilijue linatoka wapi.

Nilimwona tena siku tuliyomzika Salumu.

Salumu alizeeka vizuri. Aliacha lori, akawa na shamba huko huko Rufiji, watoto wake wakamheshimu, na alikuwa mtu mwenye usingizi wa amani. Alirudi Temeke kwa mwanawe Omari kuugulia, akafia hapo. Tulikuwa uani sie wanawake, wanaume wako mbele, maiti bado inavishwa ndani, nikaona mzee anapita pembeni ya ukuta amevaa kanzu iliyokunjamana, anamtafuta mtu. Nilimjua kwa jinsi alivyoinamisha kichwa upande mmoja.

"Fundi," nikasema.

"Mama Shabani." Akakaa kwenye kinu kilicholazwa. Hakunipa pole. Alitazama mlango ambao Salumu alikuwa nyuma yake. "Keshaoshwa?"

"Wanamvisha."

"Basi sasa nitasema. Akiwa hai nisingeweza." Alikuwa na pumzi fupi. "Siku ile ya mama yako. Ile spika ilipiga yowe, ulilisikia?"

"Nililisikia jikoni."

"Ilikuwa inaungua. Ilinibidi niukate mzunguko. Nikachomoa waya. Waya wa kutoka chumbani, Mama Shabani, nilikuwa nao mkononi. Haukugusa kitu. Nikasema nipoe kidogo, nirudishe. Ndipo ikasema."

Ndani walikuwa wanaomba uzi.

"Transista ikiachwa wazi vile inaweza kuokota stesheni hewani," akasema. "Nimeshaona. Hata jino la bandia nimesikia limewahi. Ule ulikuwa wakati wa mchezo wa redio, au nilijiambia ulikuwa. Nikasema ni mwanamke wa mchezoni, anasema na mtu wake. Lakini Salumu alikuwa ameshaanguka anashukuru Mungu, na shangazi..."

"Mama mdogo."

"Na mama yenu mdogo ananiuliza imetoka haijatoka. Na ilikuwa imetoka. Sikusema uongo. Nikaurudisha waya kabla hujafika na chuma. Lakini nilijua nimemshusha mtu kaburini kwa maneno ya mchezo wa redio, na alikatazwa. Tangu siku ile nangoja kitu kimpate. Kila nikisikia lori limepinduka nauliza dereva nani."

"Hakumpata kitu," nikasema. "Kafa kitandani, wanawe wamemzunguka."

"Nimeambiwa. Ndiyo nimekuja."

Nikamuuliza nililotaka kumuuliza Salumu miaka yote nikaheshimu. "Ilisemaje?"

Alitazama chini. "Ilikuwa sauti ya mwanamke mzima, hana ugonjwa wowote. Ndiyo nikajua si yeye. Mimi nilimkuta mama yako ana sauti nzito, lakini hii ilikuwa ya kijana. Na aliyekuwa anasemeshwa hakuwa Salumu. Ilisema, 'Baba, utaniweka wewe.' Basi. 'Baba, utaniweka wewe.' Mtu anamwambia baba yake. Salumu kwa uchungu aliona ni yake, kwamba ndiye atakayemweka kaburini."

Salumu aliitwa jina la babu yetu, baba yake mama. Na mama, kama walivyolelewa wanawake wa kwao, hakuweza kulitamka jina la baba yake mzazi kavu kavu. Tangu amemzaa hakumwita Salumu hata siku moja. Alimwita Baba. Baba njoo ule. Baba umelowa. Alipomkataza ndipo alipoacha, akawa anasema "yule dereva," na Fundi alipanga kwetu baada ya hapo. Hakuwahi kulisikia. Mtaani hapakuwa na aliyelijua isipokuwa sie wa tumbo lile.

Nikamweleza. Nilimweleza taratibu, kwa kuwa alikuwa mzee na masikio yake hayakuwa yale. Alinitazama mdomo mpaka nikamaliza.

"Alikuwa anamwita Baba," akasema.

"Tangu mdogo."

"Na sauti ya kijana?"

"Mama alikuwa na sauti hiyo. Kabla ya uchungu wa kufiwa na baba yetu. Ukimsikia nje ya nyumba ungedhani ni mimi."

Alinyanyua mkono wake wa kulia, akautazama ndani ya kiganja, vidole vimekunjwa kama vimeshika kitu chembamba. Wanawake wenzangu walikuwa wananiangalia, Anjelina wa Mzee Likwata akaniuliza kwa macho kama yule mzee anaumwa.

"Basi alizika kwa haki," Fundi akasema.

"Kwa haki."

"Na mimi nilisema kweli."

"Ulisema kweli."

Nilidhani atapumua. Alionekana kama aliyekuwa amekaa na mzigo kwa mazoea, na sasa umeondolewa anaogopa upepo.

"Lakini ilipita wapi, Mama Shabani?" akaniuliza. "Waya nilikuwa nao mimi."

Ndani walimaliza, mlango ukafunguliwa pande zote mbili, Omari akatangulia, na jeneza likatoka juu ya mabega ya vijana. Fundi akainuka kwenye kinu. Hakuwa na nguvu za kubeba, walimwona, na mmoja akataka kumzuia. Omari akamwambia amwache. Wakampa pembe ya nyuma, akatia bega, akatoka naye.